Majirani wa Karura na Njia za Miguu Msituni

Habari ya kufunguliwa kwa njia mpya ya miguu haipokewi na watu wote kwa namna moja. Mwenye afya na nafasi ya kutembea hufurahi. Mwenye nyumba inayopakana na njia hiyo hujiuliza ni nani atakayepita nyuma ya ua wake wakati wa magharibi. Mwenye duka huanza kuhesabu wanunuzi. Mama aliyezoea kuokota kuni huuliza kama ataruhusiwa kuendelea. Na mwenye kiwanja kidogo hutazama mbali zaidi, kwa kuwa amekwisha kuona mahali pengi kwamba mandhari yakitengenezwa bei ya ardhi hupanda, na bei ikipanda wajenzi wa majumba marefu hawakawii kufika.

Maswali hayo si ya upuuzi, wala wanaoyauliza si wapinga maendeleo. Yafaa yajibiwe kwa mambo yaliyokwisha kuonekana na si kwa ahadi. Msitu wa Karura, jijini Nairobi, ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa sababu huko mambo yalikwenda kwa utaratibu usio wa kawaida. Mahali pengi njia hutangulia na wajenzi hufuata. Karura wajenzi walitangulia, na njia za miguu zikafuata baada ya miaka zaidi ya kumi.

MSITU NA JIRANI ZAKE

Msitu wa Karura uko upande wa kaskazini wa Nairobi, mwendo wa maili chache tu kutoka katikati ya jiji. Ukubwa wake ni hektari 1,041, yaani zaidi ya eka 2,500. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka wa 1932. Ndani yake hupita mito, miongoni mwao Ruaka, Karura na Gitathuru, na yako maporomoko ya maji, na mapango ambayo wenyeji husimulia kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Hata tanuri ambamo Benki Kuu ilikuwa ikiteketeza noti kuukuu bado liko, nalo huwashangaza wageni wengi.

Miti yake ni ya aina mbili. Iko ya kienyeji, kama vile muhugu, mukinduri na muthiga, ambao magome yake ni dawa inayojulikana sana na wazee wa Kikuyu. Iko pia miti ya kigeni, hasa mikaratusi, iliyopandwa kwa ajili ya kuni na mbao.

Jirani za msitu huu ni watu wa kila hali. Upande mmoja ni Muthaiga na Runda, mitaa ya nyumba kubwa na bustani pana. Kuna Gigiri, yaliko makao makuu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulika na mazingira na makazi ya watu. Na papo hapo, nyuma ya kuta za wenye nafasi, kuna vijiji vya watu wa kipato kidogo, mathalan Huruma. Huruma hii isichanganywe na mtaa mkubwa wa jina hilo ulio mashariki ya jiji. Kwa hiyo neno “majirani” katika habari hii halina maana ya kundi moja lenye nia moja. Tajiri aliogopa mwizi, na maskini aliogopa kufungiwa nje.

WAJENZI WALITANGULIA

Kwa sheria ya misitu iliyotumika kabla ya mwaka wa 2005, Waziri aliweza kuondoa sehemu ya msitu kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, baada ya ilani ya siku 28. Ni watu wachache wanaosoma Gazeti Rasmi. Jirani wa msitu aliweza kulala akijua kwamba shamba linalofuata lake ni msitu wa umma, kisha siku moja akaamka na kusikia ngurumo za matingatinga.

Mwaka wa 1998 ilijulikana kwamba sehemu za Karura zilikuwa zimegawiwa watu binafsi na makampuni ili zijengwe nyumba za fahari. Marehemu Profesa Wangari Maathai, pamoja na wanachama wa Green Belt Movement, wakaenda huko na miche ya miti, wakaipanda mahali palipokwisha kufyekwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mitambo ya wajenzi iliteketezwa kwa moto na waandamanaji. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Maathai alipofika langoni ili apande mti, pamoja na wabunge wa upinzani na waandishi wa magazeti, walishambuliwa na kundi kubwa la watu waliokuwa wakilinda mahali hapo. Alijeruhiwa kichwani, akaenda kituo cha polisi kuandikisha mashtaka, naye akayatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana, na ghasia zikaenea mjini.

Tarehe 16 Agosti 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba ugawaji wote wa ardhi ya umma umepigwa marufuku. Mwaka wa 2004 tume iliyoongozwa na Bwana Paul Ndung’u ilitoa taarifa yake juu ya ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria katika nchi nzima. Mwaka huohuo Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

MSITU ULIOOGOPWA

Mtu angefikiri kwamba hapo shida ilikwisha, walakini haikuwa hivyo. Msitu uliokolewa mikononi mwa wajenzi, lakini ukabaki mtupu na wa kuogopwa. Wahalifu walijificha humo. Miti iliendelea kukatwa kwa siri usiku. Wazazi waliwakataza watoto wasiukaribie, na mtu mwenye akili hakupita huko peke yake. Mama waliokwenda kuokota kuni walikwenda kwa makundi na kwa hofu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Ardhi ya umma ambayo hakuna mtu anayekanyaga ndiyo ardhi iliyo rahisi kuibiwa. Haina macho ya kuilinda. Mtu akihamisha jiwe la mpaka hatua kumi usiku, hakuna atakayetambua asubuhi, kwa kuwa hakuna ajuaye lilikuwa wapi jana. Na anayetaka kuichukua huja na hoja iliyo tayari, akisema, “Mahali hapa ni pango la wezi, afadhali pajengwe nyumba za watu wenye heshima.” Hofu ya jirani hugeuka kuwa chombo mkononi mwa mjenzi.

NJIA ZAFUNGULIWA

Sheria mpya ya misitu ilipitishwa mwaka wa 2005 na kuanza kutumika mwaka wa 2007. Ilianzisha Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, nayo ikawapa wananchi waishio karibu na msitu haki ya kuunda chama, kukiandikisha, na kufanya mapatano na Shirika hilo ili washiriki katika utunzaji. Kwa njia hiyo majirani wa Karura waliunda chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura. Chama hicho na Shirika wakaanza kazi pamoja. Fedha zilichangwa, ua wa nyaya za umeme ukajengwa kuuzunguka msitu, walinzi wakaajiriwa, na vijia vya zamani vikafyekwa na kuunganishwa. Mwaka wa 2011 watu walianza kuingia kwa wingi kutembea. Leo njia za miguu na za baiskeli ni zaidi ya kilomita 50, na kwenye njia panda kuna nguzo zenye nambari ili mgeni asipotee.

Hofu za majirani zilijibiwaje? Yafaa zitazamwe moja moja.

Kwanza, hofu ya wezi. Wengi walidhani njia itawaletea wezi mpaka mlangoni. Walakini mwizi hapendi mahali penye watu. Wanaotembea asubuhi, wanaokimbia, wenye watoto na wenye baiskeli, wote ni mashahidi wasiolipwa mshahara. Kisha kuna malango yenye walinzi, nayo hufungwa kabla ya giza kuingia. Jambo lililosaidia zaidi ni kwamba baadhi ya walinzi walichaguliwa kutoka kijiji cha Huruma chenyewe. Kijana aliyezaliwa karibu na msitu anajua kila shimo na kila kivuko, na anajua pia ni nani asiye na shughuli ya halali mahali hapo.

Pili, hofu ya kufungiwa nje. Ua wa umeme ukizunguka msitu, aliye ndani ya gari hafikirii sana, lakini mama anayepikia kwa kuni hufikiri. Sheria iliyowapa wananchi haki ya kuunda vyama inataja wazi kwamba wanaweza kupewa ruhusa ya kukusanya kuni, asali na dawa za miti, maadamu hawauharibu msitu. Mama wa kijijini waliendelea kuingia kwa utaratibu uliokubaliwa, wakaokota matawi makavu yaliyoanguka. Tofauti yake na zamani ni kwamba sasa huingia mchana, kwa ruhusa, bila kukimbizwa.

Tatu, hofu ya kuwa msitu utageuzwa kuwa uwanja wa starehe na miti kusahauliwa. Hapa jibu limeonekana kwa macho. Mahali pengi mikaratusi imeondolewa kidogo kidogo na miti ya kienyeji imepandwa badala yake. Kati ya mwaka wa 2014 na 2016 mbega, wale wenye manyoya meusi na meupe, waliletwa kutoka Kipipiri, ambako walikuwa wakigombana na wakulima kwa sababu ya mazao, wakaachiliwa Karura. Mkulima wa Kipipiri akapata nafuu, na mtoto wa Nairobi akaona mnyama ambaye alikuwa akimsoma tu vitabuni.

YALIYOBAKI KUULIZWA

Haifai kusema kwamba shida zote zimekwisha. Anayesema hivyo hawatendei majirani haki.

Liko jambo la kiingilio. Kwa miaka mingi raia mtu mzima alilipa shilingi 100 langoni. Kwa karani mwenye mshahara wa kila mwezi, hicho ni kiasi kidogo cha kumpeleka mkewe na watoto kutembea siku ya Jumapili. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, mwenye watoto wanne, hilo ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Fedha za malango ndizo zinazolipa walinzi na kutengeneza ua, kwa hiyo haziwezi kufutwa kwa neno moja. Lakini msitu ni wa umma, na chama chochote kinachotunza mali ya umma chapaswa kujiuliza kila mwaka ni watu gani wa karibu ambao hawaonekani ndani, na kwa nini.

Liko pia jambo la nani ashike fedha hizo. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2025 Shirika lilitangaza kwamba malipo yote ya langoni yaende kwa njia ya serikali ya kulipia kwa simu na intaneti. Chama hakikukubali, kwa kuwa kilihofu kwamba fedha zitakazoondoka Karura hazitarudi kwa wakati kulipa mishahara ya walinzi na kutengeneza ua. Wananchi wakapaza sauti, na shauri likafika mahakamani. Upande mmoja ulishikilia kwamba mapato ya mali ya umma sharti yapitie hazina ya umma. Upande wa pili ulishikilia kwamba mapatano ya utunzaji wa pamoja hayavunjwi kwa tangazo la upande mmoja. Hoja zote mbili zina uzito. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano yanayoeleza wazi nani apokee, nani atumie na nani akague, yenye hesabu zinazobandikwa mahali pa wote kusoma, huzuia ugomvi kabla haujazaliwa.

Na liko jambo la ujenzi. Hapa hofu ya mwenye kiwanja ina ukweli. Mahali palipokuwa pa kuogopwa pakigeuka kuwa pa kupendeza, watu hutaka kukaa karibu napo. Kando ya Barabara ya Kiambu na Barabara ya Limuru majumba yameongezeka mwaka baada ya mwaka, na mashamba ya kahawa yaliyokuwa Kiambu yamekatwakatwa kuwa viwanja. Nyumba nyingi zina maana ya magari mengi, visima vingi, na maji machafu mengi. Mito ya Karura haianzii ndani ya ua. Inatoka juu, upande wa Kiambu na Limuru, na kila uchafu unaotupwa huko hupita msituni na kuendelea kwa walio chini. Ua wa umeme huzuia mwizi, lakini hauzuii maji machafu. Msitu waweza kubaki na miti yake yote na bado mto wake ukafa.

YAWAPASAYO MAJIRANI

Kutokana na habari za Karura, yako mambo ambayo jirani wa msitu wowote aweza kuyafanya, awe anaishi karibu na Ngong, Kakamega, Arabuko-Sokoke au penginepo.

La kwanza ni kuujua mpaka. Kila msitu wa hifadhi una ramani na tangazo lake katika Gazeti Rasmi. Chama cha majirani kiwe na nakala ya ramani hiyo, na mara kwa mara wanachama waufuate mpaka kwa miguu, wakiandika nambari za mawe. Njia ya miguu inayopita karibu na mpaka ina faida kubwa, kwa sababu kila anayetembea hapo anaukagua mpaka bila kujua.

La pili ni kusoma matangazo. Kwa sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999, ujenzi mkubwa sharti uchunguzwe kwanza ili kuona utadhuru nini, na taarifa ya uchunguzi huo hutangazwa ili wananchi watoe maoni kwa maandishi. Kwa sheria ya misitu ya mwaka wa 2016, anayetaka kubadili mpaka wa msitu wa umma hupeleka ombi Bungeni. Zama za ilani ya siku 28 zimepita. Lakini sheria nzuri haimsaidii mtu asiyesoma. Yafaa kila chama kichague watu wawili, mmoja wa kusoma matangazo na mmoja wa kuandika majibu. Barua moja yenye tarehe, nambari ya kiwanja na hoja tatu zilizo wazi ina nguvu kuliko kelele za siku nzima.

La tatu ni kuweka masharti mapema. Kabla kijia hakijafyekwa, majirani wakutane wakubaliane: malango yatakuwa wapi, yatafunguliwa na kufungwa saa ngapi, magari yataegeshwa wapi, kuni zitaokotwa siku zipi, mbwa wataruhusiwa au la, na vijana wa kijiji gani watapewa kazi. Mambo haya yakiachwa mpaka njia ifunguliwe, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeamua.

La nne ni kuingia katika chama na kuhudhuria mikutano. Chama cha msitu kikiachiwa watu wa mtaa mmoja tu, kitaona shida za mtaa huo peke yake. Mwenye nyumba kubwa amsikilize mama wa kuni, na mama wa kuni asione haya kuuliza hesabu. Katika mkutano wa chama kura ya kila mmoja ni moja.

La tano ni kwa mkulima mwenye eka chache kando ya njia au msitu. Asiharakishe kuuza kwa sababu amesikia bei imepanda. Ardhi huuzwa mara moja, na fedha zake huisha. Kabla ya kutia sahihi, akague hati katika ofisi ya ardhi, aulize mnunuzi anakusudia kujenga nini, na ashauriane na jamaa zake. Wako waliouza shamba la kahawa la baba wakanunua gari, na leo gari halipo na shamba limekuwa majumba ya wengine.

Njia ya miguu haileti wezi wala neema kwa nguvu zake yenyewe. Kinacholeta heri au hasara ni utaratibu wa watu wanaoizunguka. Karura ilikaribia kupotea wakati ambapo hakuna aliyekuwa akitembea ndani yake. Leo kila mwanafunzi, karani, mkulima na mama anayepita humo anajua kitu kilichopo, na kitu kinachojulikana na watu wengi ni vigumu kuchukuliwa kwa siri. Majirani watakaosikia kwamba njia inataka kufunguliwa kwao wasiikatae kwa hofu, wala wasiikubali kwa macho yaliyofumbwa. Waulize ramani, masharti na hesabu, kisha wavae viatu wakatembee.